Laptopu Isiyo na Kelele

Jumanne, 4 Machi

"Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji. Mnunulie laptopu yoyote ya bei nafuu, hatajua tofauti."

Ndivyo alivyosema mdogo wake mume wangu leo mchana, ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, na kaka yake yuko chumba cha pili anabadilisha nyuzi za gitaa.

Nilimjibu papo hapo. Methali hiyo imetungiwa mkaidi, haikutungiwa mgonjwa. Mume wangu hajakataa dawa hata moja. Dawa ndizo zilizomkataa yeye. Halafu, nani amesema mtu hurekodi muziki ili ajisikilize mwenyewe? Mwashi hajengi nyumba ya vyumba vinane ili alale yeye katika vyote vinane. Mashine ikikwama katikati ya wimbo, watakaosikia ni wengine, tena miaka mingi baadaye, na watadhani aliyekwama ni mpigaji. Nilikuwa na hoja nyingine, kali kuliko hizo, lakini kikombe kilikuwa bado mdomoni mwake, na mimi nimelelewa.

Alicheka. "Haya, Bi Hoja, umeshinda."

Nilishinda, ndiyo. Maneno yalikuja yamejipanga kama kawaida. Ila ndani hamkuwa na moto. Nilikuwa kama mtu anayepiga ngumi kwa mkono uliokufa ganzi: unaona ngumi inafika, huisikii.

Niandike mambo yalivyo, kwa kuwa huenda hii ikawa kazi pekee ya maana nitakayoifanya msimu huu. Wenzake humwita mume wangu Solo, kwa sababu katika bendi zote alizopitia alipiga gitaa la solo. Ametungia watu nyimbo ambazo huimbwa hadi leo, na hana wimbo hata mmoja uliorekodiwa kwa jina lake. Sikio la kulia lilizima mwaka jana. La kushoto linafuata. Daktari anasema pengine litafika mwisho wa mvua, pengine halitafika. Solo anataka kurekodi nyimbo zake mwenyewe, hapahapa nyumbani, katika chumba cha nyuma alichokiacha binti yetu alipohama kikazi, kabla sikio halijazima. Kompyuta yetu ya zamani ikiwekewa magitaa manne huanza kukwamakwama. Ndiyo maana tunatafuta laptopu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma kuhusu laptopu kama ninavyosoma kila kitu, yaani kwa kumtafuta adui. Nimempata. Ni hawa waandishi wa mapitio. Wanasifu wembamba, wanasifu rangi, wanasifu jinsi kifuniko kinavyofunguka kwa kidole kimoja. Mtu angedhani wanachagua mkoba wa harusi.

Anachohitaji Solo ni kitu kingine. Prosesa yenye nguvu na RAM ya kutosha, ili wimbo wenye magitaa kumi, ngoma na sauti usikwame. Diski isiyozunguka, ile wanayoiita SSD. Matundu ya kuchomekea kisanduku cha maikrofoni bila kuungaunga. Na juu ya yote, feni ya kupoza mashine isiwe na kelele, kwa sababu maikrofoni na laptopu zitakaa chumba kimoja, na maikrofoni haina adabu: husikiliza kila kinachosemwa. Katika mapitio yote niliyosoma hakuna hata mmoja aliyekaa kimya dakika moja karibu na mashine na kutuambia amesikia nini.

Nilimsomea Solo malalamiko yangu kwa sauti kubwa. Akasema, "Bi Hoja, unasoma laptopu kama unasoma hukumu ya mahakama. Nani kashtakiwa?"

Jumatano, 12 Machi

Mvua zimeanza. Hakuna jingine.

Jumamosi, 15 Machi

Duka liko ghorofa ya kwanza, juu ya fundi cherehani. Muuzaji nimempachika jina la Bwana Dhamana, kwa sababu kila unachouliza anajibu hivyo. Betri inakaa saa ngapi? "Dhamana ipo." Hii rangi haichubuki? "Dhamana ipo, mama."

Alianza kwa kuniuliza mimi. "Mama, mzee anataka ya kazi gani?"

"Muulize mwenyewe. Yuko mbele yako."

Akamgeukia Solo na kufoka kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "MZEE! UNATAKA YA KAZI GANI?"

"Taratibu, mwanangu," Solo akasema. "Sijawa kiziwi wa kudumu. Bado niko kwenye majaribio."

Tukaletewa tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wacheza michezo, ina taa nyekundu chini ya vitufe, na feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga. Ya pili nyembamba, haina feni kabisa, lakini RAM yake haba na tundu ni moja tu. Ya tatu ya kijivu, nzito, ina nguvu zote alizotaka na matundu tele.

Solo aliomba redio izimwe. Akaomba na pangaboi lizimwe. Bwana Dhamana akatii. Solo akaiwashia ile ya kijivu kazi nyingi kwa pamoja ili ipate joto, akangoja, kisha akainama na kuweka sikio la kushoto juu ya vitufe, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu.

Nikausikia. Mlio mwembamba, wa juu, umenyooka, kama mbu aliyejificha nyuma ya pazia. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa wazi.

Bwana Dhamana alinitazama. Naye alikuwa ameusikia.

Solo akainuka, na uso wake ulikuwa uso ambao sijauona tangu mwaka jana. "Kimya," akasema. "Kimya kabisa. Mashine hii haipumui."

"Iko kimya, mzee," akasema Bwana Dhamana. "Na dhamana ipo."

Solo akanigeukia. "Wewe unasikia kitu?"

"Hapana."

Tukanunua. Aliibeba mwenyewe kwenye mvua, ndani ya koti, kifuani.

Jumapili, 16 Machi

Nimewaambia watu wenye walinzi mlangoni kwamba wanasema uongo, tena kwa maandishi, gazetini. Mhariri wangu ana jalada la barua za mawakili kwa ajili yangu. Jana nilisema "hapana" kwa mtu ninayelala naye kitanda kimoja, na leo nimekaa tangu asubuhi nikijaribu kuona aibu. Haiji.

Hoja ninayo. Ile isiyo na feni ingelemewa kwenye wimbo wa kwanza. Ile ya taa nyekundu isingefaa hata kwa mkutano wa hadhara. Ya kijivu ndiyo bora kati ya zote tatu, na huo mlio fundi anaweza kuupunguza baadaye. Ni hoja nzuri. Kazi yangu ni kutengeneza hoja nzuri, kwa hiyo najua hutumika kufanyia nini.

Jumamosi, 22 Machi

Chumba cha nyuma kiko tayari. Mablanketi manne ukutani, godoro la binti yetu limesimamishwa dirishani, zulia sakafuni. Laptopu juu ya meza ndogo, maikrofoni mbele ya kiti.

Paa ni la bati, kwa hiyo hurekodiwa baina ya mvua na mvua. Mimi ndiye mlinzi. Nasimama mlango wa jikoni nikitazama mawingu upande wa barabara kuu. Wingu likisogea nakwenda mlangoni kwake na kupunga taulo: nyeupe, endelea; ya bluu, maliza haraka. Amecheka sana tulipokubaliana hivyo. "Bendi zote nilizopigia," alisema, "hakuna iliyokuwa na mama wa mataulo."

Leo amerekodi magitaa mawili ya wimbo wa kwanza. Nikivaa hedifoni nayasikia. Mazuri mno. Na nyuma yake, mbu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Shemeji alikuja. Solo akamvalisha hedifoni na kumkalisha kitini kama mgeni rasmi. Nilikuwa jikoni. Baada ya nyimbo mbili akaja huko na kusimama karibu na jiko, akanong'ona, ingawa hakukuwa na haja ya kunong'ona.

"Shemeji, mle ndani mna mbu."

"Najua."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Wewe? Wewe unayewaambia watu ukweli hata wasiouomba?"

"Mwambie wewe. Ni ndugu yako, mmenyonya ziwa moja."

Akatazama sakafu. Hapo nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza msimu huu. Nilikuwa nimemchukulia kama mtu mwenye ulimi mbaya. Akasema, "Mimi nilitaka anunuliwe ya bei nafuu ili akishindwa, aseme mashine mbovu." Kisha akarudi chumbani, akamwinulia kaka yake dole gumba, na kaka yake akaangua kicheko cha furaha.

Sasa tuko watatu, tukimhesabu Bwana Dhamana.

Jumatano, 9 Aprili

Mhariri amepiga simu kuhusu makala ya wiki hii, inayomshambulia mkubwa mmoja aliyewaficha watu habari zinazowahusu. "Mama, hoja zimekaa sawa," alisema, "lakini moto uko wapi? Imepoa kama uji wa jana." Nilimwambia apange kama ilivyo. Zamani ningemkatia simu.

Jumapili, 20 Aprili

Ijumaa tulikuwa kwa daktari. Sauti za juu zote zimekwenda, na sasa zinaondoka zile za kati. Solo husikia kwamba ninasema, hasikii ninasema nini. Daktari alimpima, kisha akanieleza mimi, na Solo ameketi katikati yetu akitazama mdomo mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetazama mpira wa meza. Sikumkatiza daktari. Niliandika alichosema, nikamkunjia Solo karatasi mkononi, tukarudi nyumbani.

Nyimbo zimebaki mbili.

Ijumaa, 2 Mei

Leo niandike kwa kirefu, ingawa sijui kama naandika kwa sababu imeniuma au kwa sababu haikuniuma.

Mvua ilikatika saa nne asubuhi. Solo alikuwa amekaa mbele ya laptopu akipanga nyimbo zote kwa pamoja, na kwa kuwa haamini tena sikio lake, alifungua ule ukurasa wa programu ya kurekodi unaoonyesha sauti kama picha. Nzito ziko chini, nyembamba ziko juu, kila moja na rangi yake. Gitaa linaonekana kama nyasi zinazowaka.

Aliniita. Nikaja na taulo mkononi nikidhani anauliza mawingu.

"Hiki nini?"

Pale mwanzoni mwa wimbo, kabla gitaa halijaingia, mahali ambapo pangepaswa kuwa peusi, kulikuwa na mstari. Uko juu, mwembamba, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo kama kamba ya kuanikia nguo.

Akaondoa gitaa. Mstari ukabaki. Akafungua wimbo wa pili: upo. Wa tatu: upo. Alikuwa akizifungua polepole, hana haraka, kama mtu anayepita nyumbani baada ya wezi akifungua kabati moja moja. Alipomaliza zote aliweka kiganja juu ya laptopu, pale pembeni panapotoka joto.

"Ni feni," akasema.

"Ni feni."

Alikuwa anatazama mdomo wangu. "Unaisikia sasa hivi?"

"Naisikia."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani."

Nikaona anairudia ile siku kichwani, hatua kwa hatua, kama anavyorudia wimbo kutafuta kosa liko wapi.

"Nilipoinama pale mezani, mlikuwa mnanitazama."

"Ndiyo."

"Wewe na yule muuzaji."

"Ndiyo."

"Na mdogo wangu, siku ile aliyoniinulia dole?"

"Alikuwa ameshajua."

Hapo nikaanza. Nilisema ile nyembamba ingelemewa. Nilisema mlio unaweza kupunguzwa. Nilisema furaha yake ilikuwa ya kwanza tangu mwaka jana. Yote ni kweli, na yote niliyasema kwa mpangilio, nikitamka wazi ili asome midomo. Aliinua mkono.

"Usinijibu kama gazeti."

Nikaikunja taulo mkononi.

"Sikio langu halikunidanganya," akasema. "Lilikufa tu, na kila mtu ananipa pole. Wewe uko mzima, na nimekuuliza swali moja tu. Unajua nimekuwa nikifanya nini wiki zote hizi? Nimekuwa nikiimba mbele ya watu wanaojua nisichokijua. Hiyo si studio, mama. Hiyo ni hospitali."

Hakupandisha sauti. Siku hizi hapandishi wala hashushi, kwa kuwa hajui iko wapi. Alifunga laptopu, akageuza kiti kikaelekea ukuta wa mablanketi, akakaa.

Nilirudi jikoni. Chai ilikuwa imeganda utando juu. Niliitazama. Nilijiambia: sasa utalia. Nikangoja kama mtu anayengoja mgeni aliyesema atakuja. Kisha mvua ikaanza tena, na nilikuwa bado nimeshika taulo, na hapakuwa na wa kumpungia.

Jumamosi, 3 Mei

Laptopu bado imefungwa. Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Niliamshwa na kishindo. Solo alikuwa anatoboa ukuta kwa patasi na nyundo, ukuta ulio kati ya chumba cha nyuma na jikoni, na vumbi la saruji limemjaa nyusi.

"Laptopu inahamia jikoni kwako," akasema. "Waya zitapita hapa. Mimi na maikrofoni huku, wewe na mbu wako huko. Feni ilie hadi ipasuke."

"Unarudia zote?"

Hakusikia. Nikamshika bega, akanitazama, nikarudia.

"Nitarudia nitakazoweza. Wewe utavaa hedifoni. Lakini nina sharti." Akaninyooshea patasi. "Usiniambie lililo zuri. Lililo zuri nililijua tangu nilipolitunga. Niambie lililo baya, na uniambie papo hapo."

Jumamosi, 17 Mei

Haya ndiyo maisha yetu sasa. Yeye anabana kidevu kwenye bega la gitaa ili mtetemo upande hadi kwenye mfupa wa taya, maana anasema taya bado linasikia. Mimi niko jikoni na hedifoni, macho kwenye mawingu, kidole kwenye kitufe. Kosa likitokea nasimamisha, nazunguka hadi mlangoni, nasimama penye mwanga.

"Uzi wa kwanza umeshuka."

Anakaza. Anapiga tena.

"Umechelewa kuingia kwenye kiitikio."

"Nimechelewa au nimevuta makusudi?"

"Umechelewa."

"Mbishi wewe!"

"Umechelewa, Solo. Kama basi la mwisho."

Akaangalia dari, akacheka hadi gitaa likatikisika. "Karibu tena nyumbani, Bi Hoja. Nilikuwa sijui umekwenda wapi."

Baadaye, nikiosha vikombe, nikagundua kwamba mikono yangu inasikia joto la maji. Jambo dogo. Naliandika kwa sababu sikumbuki lini lilikuwa hivyo mara ya mwisho.

Alhamisi, 22 Mei

Nyimbo sita zimerudiwa, safi. Ya saba ilimshinda. Sauti yake ya kuimba hupanda na kutanga, na taya halitoshi kumwonyesha njia. Nilimwambia. Alijaribu tena, nikamwambia tena. Mara ya nne aliweka gitaa chini.

Kwa nyimbo zilizobaki tutatumia zile za kwanza, zenye mlio. Nilimweleza kwamba fundi wa kuchanganya sauti anaweza kuufuta, ila utaondoka na sehemu ya ung'avu wa nyuzi nyembamba. Nikamsikilizia kwa njia zote mbili na kumwambia kinachopotea hapa na kinachobaki pale. Aliuliza maswali mengi. Kisha akaamua mwenyewe: usifutwe.

Jumapili, 25 Mei

Leo asubuhi nilimwita kutoka jikoni. Nikamwita tena. Mvua haikuwa inanyesha.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zimekwisha. Solo ametengeneza nakala, amewaalika watu Jumamosi ijayo waje kusikiliza. Ukurasa huu nitaunakili na kuutuma kwa kila aliyealikwa: kwako shemeji, kwako binti yangu, na kwenu wanabendi wa zamani ambao kila mmoja amenipigia simu mimi kuuliza "mzee anaendeleaje", na hakuna hata mmoja aliyemwandikia yeye mstari mmoja.

Mkija Jumamosi mtamkuta ameweka viganja viwili juu ya spika. Atawasha wimbo mmoja mmoja, na kila ukiisha atamgeukia mmoja wenu na kuuliza: umesikiaje? Nawajua. Mmekwisha kuandaa madole gumba. Yaacheni nyumbani.

Kaeni upande wa dirishani ili mwanga uwe usoni mwenu. Semeni polepole, bila kufoka. Kama gitaa la besi limezidi, mwambieni limezidi. Kama sauti imetanga kwenye wimbo wa saba, mwambieni imetanga, na wapi. Kama mbu anawakera, semeni mbu anatukera, naye atawaambia kwa nini amembakiza, na mkitaka kubishana naye, bishaneni. Ana majibu. Na kama kuna lililo zuri, semeni pia, lakini mwisho, baada ya mengine, ili aamini.

Asiyeweza hilo asije. Nampa ruhusa ya kubaki kwake, wala sitamnunia. Lakini atakayeingia mlangoni mwangu asinivute pembeni kunieleza mimi alichosikia. Amwambie yeye, akimtazama usoni, kisha angoje jibu.